Nukta ya Makutano

Kwenye ramani, mistari miwili iliyonyooka,
mmoja unatoka mgodini, mmoja unapanda toka bondeni,
inakutana mahali tunapopaita nukta ya makutano.
Ni kigingi chekundu. Nimekipigilia mwenyewe
asubuhi ya jalidi, kwa nyundo ya kuazima,
katikati ya konde la majani la Bibi Burulcha,
na barabara yenyewe haitafika hapo kamwe.

"Haitafika?" aliuliza, ndoo ya maziwa mkononi.
Haitafika, mama. Kabla ya kufika inaanza kupinda,
kidogo, halafu kidogo tena,
kama mtu anayegeuza neno mdomoni kabla ya kulitoa.
Hiyo ndiyo kona ya mpito: usukani usishtuke,
makaa yasimwagike, abiria asimlalie jirani.
Kisha tao kamili, nusu kipenyo mita tisini,
kisha kona inajikunjua polepole, upande wa pili.
"Na kigingi?"
Kigingi kinabaki na ng'ombe wako.

Ofisini nina daftari la istilahi
nililoachiwa na mhandisi Gennadi alipostaafu.
Barabara ina mgongo, ili mvua isilale juu yake.
Ina mabega, kwa ajili ya anayechoka.
Ina tumbo la kokoto, tabaka juu ya tabaka,
na koo la zege, kalvati,
la kumezea theluji ya Kok-Ashuu inapoyeyuka.
Haina moyo. Nimetafuta kurasa zote.

Nyuma ya daftari, kwa penseli, mwandiko wa Gennadi:

*Kasi ukiiongeza, kona nayo itanuke,*
*ukingo ukaukweza, gari lisipeperuke;*
*umbali ukipuuza, breki isiwajibike,*
*mwamba utakueleza, na chuma kikunjamike.*

Na jicho lipo. Mita moja na sentimita tano juu ya lami,
kimo cha jicho la dereva wa kufikirika
asiyelewa, asiyesinzia, asiyeachwa na mke,
ambaye tunampa sekunde mbili na nusu
aone kitu, na aamini alichokiona,
kabla mguu haujagusa breki.

Sekunde mbili na nusu.
Baba yangu alihitaji miaka kumi na mmoja.

Dooronbek, dereva wa greda, mkono wa kushoto mweusi kwa jua.
Njia zote za wilaya hii alizikwangua yeye
kabla ya kuwepo mtu wa kuzichora.
"Barabara haichorwi kwa penseli," alisema
siku nilipopanda basi la kwenda chuo,
"inachorwa kwa makalio, juu ya kiti cha greda.
Nenda. Ukirudi utakuta nimeshafika mbali."
Simu hakupokea. Mimi nami nikaacha kupiga.

Halafu, vuli moja, alikuja bila taarifa
kwenye kona yangu ya kwanza, lami bado inanuka.
Hakunisalimia. Alifungua chupa,
akamwaga chai palepale, katikati ya njia,
akainama, mikono magotini, kuitazama inakoelekea.
Chai ilifikiri kidogo, kisha ikateremka
kuelekea upande wa ndani wa kona.

"Umeinua ukingo wa nje."
Asilimia sita, nikasema.
"Mimi ningeweka saba."
Kuna barafu hapa, baba. Gari likisimama litateleza.
Akafunga chupa. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa.

Hakuna aliyesema samahani. Mpaka leo hakuna.
Tulipaona mahali pa kusemea, tukapinda kabla,
yeye kutoka mgodini, mimi kutoka bondeni,
na kwenye lile tao tukajikuta upande mmoja.

Jana jioni mjukuu wa Burulcha alinipigia.
Ng'ombe amefungwa kwenye kigingi, anakivuta.
Aking'oe?
Usiking'oe, nikamwambia. Mpeleke ng'ombe kwenye ua,
uje na jiwe ukishindilie vizuri.
Hapapiti gari hapo, najua.
Lakini kila kitu kingine tunakipima kutoka hapo.